Wiki Tatu Kabla ya Mwezi Mpevu

Ukitaka kuonyesha mchezo wa kuigiza hapa kisiwani Fundo, Pemba, kalenda ya skuli iweke pembeni, utazame mwezi. Onyesho liwe usiku wa mwezi mpevu. Wavuvi wa dagaa hawatoki, maana taa zao hazivuti kitu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo akina baba wapo. Uwanja una mwanga hata jenereta likigoma. Tena ni bamvua: maji yanajaa alasiri, na wageni kutoka Wete wanateremka mashuani bila ya kukokota miguu topeni, viatu mkononi.

Kutoka hapo rudi nyuma wiki tatu. Katikati yake utakutana na bamvua la mwezi mwandamo, na asubuhi zake, kiasi cha saa nne, maji yametoka na wasichana wako wamo kwenye mwani na mama zao. Usiwagombe. Zoezi la Jumamosi asubuhi lipeleke alasiri, na uwaachie kabla ya Magharibi. Mwaka wangu wa kwanza nilishindana na maji. Nikafanya mazoezi na wavulana sita na mbuzi mmoja.

Sisi tulicheza Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, mchezo wa mwaka 1969 juu ya Vita vya Maji Maji, basi mifano yangu ni ya huko.

Kuhifadhi maneno hakutakusumbua. Mtoto aliyekaa chuo cha Kurani tangu mdogo atakuletea kurasa nne kwa siku mbili. Taabu ni kwamba anazileta kama alivyozihifadhi: pumzi moja, macho juu, mwili ukiyumba mbele na nyuma. Mwenzake akisema, yeye hasikilizi. Anavizia neno la mwisho tu ili aingie. Wiki hizi tatu, kama una nguvu ya kazi moja, iwe hii: wafundishe kusikilizana. Mchezo unafunguliwa na wanawake wawili, Bibi Kitunda na Bibi Bobali. Wakalishe mkekani, wape ukili wasuke. Mkono ukishapata kazi, sauti hushuka yenyewe. Halafu mmoja mnong'oneze abadilishe maneno yake bila ya mwenzake kujua, maana ibaki ile ile. Mara ya kwanza mwenzake atakwama, atakutazama wewe. Usimsaidie. Mara ya tatu atamtazama aliyesema, na hapo ndipo utasikia watu wawili wanazungumza. Siku ya onyesho watarudi kwenye maneno ya kitabu, lakini masikio yameshafunguka.

Na wewe pia sikiliza. Kinjeketile anapotoka Mto Rufiji nilimtaka mwigizaji wangu anyanyuke taratibu, mikono juu, kwa fahari. Mvulana mmoja wa kundini, ambaye hana hata mstari mmoja, akasema, "Maalim, mtu aliyezamia hatoki vile." Huyu huenda kuzamia pweza na kaka yake. Nikamwambia atuonyeshe. Akatoka mdomo wazi kabla ya macho, akavuta pumzi moja yenye sauti, akapangusa uso, ndipo akatafuta watu walipo. Uwanja ukanyamaza. Tukaichukua pumzi ile, na ile mikono ya fahari nikaitupa.

Kundi ndilo litakalokuumbua. Watoto ishirini wakiambiwa "shangilieni" watapiga kelele moja ya skuli. Kila mmoja mpe mtu wake: huyu ana mgonjwa nyumbani, yule haamini maji ya dawa ya Kinjeketile, mwingine kaja kumtafuta mumewe. Halafu wanyime ruhusa ya kusema pamoja.

Upepo ujaribiwe mapema, saa ile ile ya onyesho. Waigizaji wakae joshini, watazamaji demani, sauti iende na upepo. Mtu akae mkeka wa mwisho na akipotewa na neno ainue mkono. Kama upepo umegeuka, geuza mikeka. Koo la mtoto halishindani na kusi.

Kaniki zivaliwe tangu wiki ya pili. Msichana aliyezoea sare hutembea kwa sare, na kaniki mpya ina ukakamavu wake, inahitaji kufuliwa mara mbili tatu. Bunduki za askari wa Kijerumani tulizichonga kwa shina la kuti. Zipunguze urefu, zisije zikawagonga wazee wa mstari wa mbele.

Siku nne za mwisho usibadilishe kitu, hata ukiota usiku jambo zuri kuliko lote. Mshika kitabu, yule wa kumkumbusha aliyesahau, akae upande watokako wengi, na azoezwe kungoja: kunyamaza si kusahau.

Usiku wenyewe watu wataingia baada ya Isha, na watoto wadogo watasogea mpaka miguuni mwa waigizaji. Waache. Wewe nenda kakae mkeka wa mwisho, mikono mitupu, na usisogeze midomo. Wanakuona.