Rula kwa ubao, jicho kwa herufi

Mdogo wangu wa Rubaya, umeniandikia kwamba umepewa kibao cha muuza jibini, na kwamba jina la mji linakataa kukaa sawa ingawa umepima nafasi zote kwa rula. Kosa liko hapo kwenye kupima. Nafasi kati ya herufi hupimwa kwa jicho.

Itazame RUBAYA yenyewe. U na B zimesimama wima ubavu kwa ubavu, zikikaribiana zinasongamana. Kule mwisho, A imetanua miguu chini, Y imetanua mikono juu. Ukizitenga kwa kipimo kilekile, panabaki pengo la mshazari, na mpita njia anasoma RUB, halafu AYA. Sogeza Y mpaka mikono yake ifike juu ya miguu ya A zote mbili, hata kama rula inasema zimepandana. U na B zipe hewa. Kisha rudi nyuma hatua kadhaa, finya macho, utazame weupe ulio kati ya herufi.

MASISI, jina la eneo lenu lililo kwenye kibao hichohicho, nayo ina somo lake. S nzuri ina kichwa kidogo kuliko tumbo. Geuza gazeti lolote juu chini, utaona S zote zimevimba kichwani. Tena ivuke mstari kidogo, juu na chini, la sivyo itaonekana fupi kuliko I iliyo jirani.

Rula ina kazi kwenye gridi. Acha pambizo pande zote, kisha gawanya ubao kwa uzi uliopakwa chaki: safu nne za kusimama, sita za kulala. JIBINI lichukue safu tatu za juu, maana mwenye pikipiki anayepambana na matope atatazama mara moja tu. YA MASISI safu moja, RUBAYA inayofuata, namba ya simu chini kabisa. Ila usiipe kila herufi chumba chake, kwani I tatu za JIBINI zitaelea peke yake na M ya MASISI itabanwa.

Mafundi wengi hupanga kila mstari katikati. Mimi sikushauri: maneno yako yana urefu tofauti, na jicho litahangaika kutafuta mwanzo. Yote yaanzie kushoto, kwenye mstari mmoja wa chaki.

Na wakikuambia vibao si sanaa, wakumbushe mchoraji Chéri Samba, ambaye alianza kwa kuchora mabango Kinshasa kabla ya kufungua karakana yake mwaka 1975. Hata leo maneno yamo ndani ya picha zake. Rubaya inatajwa kwa madini ya koltani na vita. Jibini nayo ni ya kwenu, natamani iandikwe vizuri.

Mwisho, ile namba ya simu ya chini usiiandike kama mkufu mmoja. Tarakimu 10 zikate makundi matatu, nne kisha tatu na tatu, mtu aweze kuishika kichwani mpaka atoe simu mfukoni.