Maharagi katika Udongo wa Chumvi

Ninyi walimaji wa uwanda wa Ruzizi, karibu na Uvira, mnajua mahali pale penye unga mweupe juu ya udongo wakati wa jua. Unga ule ni chumvi. Maharagi huota pale, kisha yanadumaa, na kando za majani zinaungua kama kwa moto.

Kwa sababu gani? Chumvi inashika maji ya udongo. Mzizi unaona kiu hata udongo ukiwa na unyevu. Tena chumvi inaingia katika mmea na kunyang'anya nafasi ya chakula chake kiitwacho potasi. Pamba huvumilia chumvi mpaka kipimo 7.7, mavuno ya maharagi huanza kupungua yakipita kipimo 1 tu.

Je, tunaweza kuyasaidia? Ndiyo. Mzizi ukishindwa, tutalisha mmea kwa jani. Majaribio yaliyoandikwa mwaka 2014 yalionyesha hivi: maharagi yenye chumvi, yakinyunyiziwa maji ya majani ya moringa, hukua vizuri kuliko yale yasiyonyunyiziwa.

Fanya hivi:

1. Chuma majani machanga ya moringa. Uyatwange na maji kidogo, uyakamue kwa kitambaa safi.
2. Kikombe 1 cha maji yale, changanya na vikombe 30 vya maji matamu.
3. Nyunyizia asubuhi mapema au jioni, juu na chini ya majani, mpaka yalowe.
4. Anza siku 10 baada ya kuota. Rudia kabla ya maua, na tena maganda yakianza.
5. Yakibaki, mwaga. Usiyaweke mpaka kesho.

Usifanye kosa langu. Mwaka mmoja nilichota maji ya shimo la karibu bila kuyaonja, nikanyunyizia shamba la mama mjane wakati wa jua kali. Siku ya tatu majani yaliungua. Maji yale yenyewe yalikuwa ya chumvi! Mama yule hakunigombeza. Aliniuliza tu: «Mwanangu, watoto watakula nini?» Nilimpa mbegu zangu apande tena. Tangu siku ile ninaonja maji kwanza.

Jueni neno hili pia: maji ya jani hayaondoi chumvi katika udongo. Ni kama fimbo ya mgonjwa: inamsaidia kutembea, lakini haimponyi. Chumvi huondoka kwa maji matamu mengi yanayoshuka chini na kutoka kwa mfereji. Basi, chimba mfereji kwanza. Panda ubavuni mwa tuta, si juu, maana chumvi hukusanyika juu. Funika udongo kwa majani makavu, jua lisiipandishe. Na mahali penye unga mweupe mwingi, acha maharagi, panda pamba.

Maswali: Mzizi unaona kiu kwa nini? Tunaonja maji kwa nini? Kazi gani inatangulia kunyunyizia?