Kutoka Kasumba hadi Unga

Neno "kasumba" tunalitumia mara kwa mara. Tukimwona mtu anayedharau vya kwao na kutukuza vya wageni, tunasema ana kasumba. Wachache wanajua kwamba maana ya asili ya kasumba ni afyuni, yaani utomvu uliokaushwa wa mmea uitwao mpopi. Jina la kilevi limekuwa jina la akili iliyolazwa usingizi. Mwezi huu tujifunze habari za kilevi hicho na watoto wake, maana mmoja wao, unga, umekwisha kuingia katika nyumba zetu.

Dawa yenye majina mazuri

Kwa maelfu ya miaka afyuni ilitumika kutuliza maumivu, kuzuia kuhara na kuleta usingizi. Wengine waliitumia kwa starehe tu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waingereza waliiuza kwa wingi nchini China. Serikali ya China ilipojaribu kuizuia, vita vilizuka mwaka 1839. Vilipokwisha mwaka 1842, China iliyoshindwa ililazimika kuwapa Waingereza kisiwa cha Hong Kong.

Mwanzoni mwa karne hiyohiyo, Mjerumani mtengeneza dawa, Friedrich Sertürner, alikitenga kiini chenye nguvu kilichomo ndani ya afyuni. Akakipa jina kutokana na Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki wa kale. Hiyo ndiyo mofini. Mikononi mwa daktari mofini ni dawa njema, na hadi leo inawapunguzia maumivu wagonjwa wa saratani. Lakini wengi walioitumia ovyo walishindwa kuiacha.

Mwaka 1898 kampuni ya Bayer, ileile iliyotuletea aspirini, ilianza kuuza dawa ya kikohozi iliyotengenezwa kutokana na mofini. Ilisifiwa kuwa haimzoeshi mtu. Iliitwa heroini, jina lenye maana ya ushujaa. Haikupita miaka mingi, hospitali zikaanza kupokea watu walioshindwa kuiacha. Bayer iliacha kuitengeneza mwaka 1913, na mwaka 1924 Marekani ikapiga marufuku utengenezaji wake.

Hapa kuna somo. Watu waliambiwa kwamba hii mpya haina madhara ya ile ya zamani, na kumbe mpya ndiyo iliyokuwa kali zaidi.

Sifa za wanamuziki

Baada ya Vita Kuu ya Pili, heroini ilipata sifa nyingine huko Marekani. Charlie Parker alikuwa mpiga saksafoni hodari wa muziki wa jazi, naye alikuwa amenaswa na heroini tangu ujana. Vijana wengi wanamuziki walidhani humo ndimo ilimo siri ya ufundi wake, wakaiga. Kumbe ufundi ule aliupata kwa mazoezi ya saa nyingi kila siku. Parker alifariki mwaka 1955 akiwa na miaka 34 tu. Daktari aliyeuchunguza mwili wake alidhani ni mtu wa miaka 50 hadi 60. Waliomwiga hawakupata kipaji chake. Walipata kifungo chake.

Unga unafika pwani yetu

Tangu miaka ya 1980 heroini kutoka Afghanistan na nchi jirani imekuwa ikivuka Bahari ya Hindi na kufika Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Nyingi ilikuwa ya kupita tu kwenda nchi nyingine, lakini mzigo unaopita mlangoni huacha makombo. Mwanzoni ilivutwa kwa moshi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 sindano ilienea, na kuchangia sindano kukaleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Huku kwetu ilipewa jina la chakula cha watoto: unga. Imetuachia na maneno mengine: kete, teja, arosto. Siku hizi hata aliyekosa chai ya asubuhi husema kwa utani kwamba ana arosto. Kwa mgonjwa, hiyo si utani.

Arosto ni nini?

Mwili una vituliza maumivu vyake wenyewe. Heroini hukaa mahali pa vituliza hivyo, na ubongo huzoea kuitegemea. Ikikosekana kwa saa chache tu, mtu hupiga miayo, hutokwa machozi na kamasi, huumwa viungo, hutapika, huharisha na kukosa usingizi. Hapo hatafuti tena starehe. Anatafuta kuondoa mateso, na ndiyo sababu anaiba hata sufuria ya mama yake. Kumchapa au kumfunga kamba hakuuponyi ubongo uliozoea.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tusifiche. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Pili, tumpeleke hospitali. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, inayozuia arosto bila kumlewesha mtu anayepewa kipimo sahihi. Baadaye huduma hiyo ilifika Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, Mbeya na kwingineko. Kenya ilianza mwishoni mwa mwaka 2014. Matibabu huchukua muda mrefu, basi tusikate tamaa akianguka njiani.

Tatu, tujue hatari ya kurudia. Aliyekaa wiki kadhaa bila unga, akirudi na kutumia kiasi chake cha zamani, anaweza kufa, kwa kuwa mwili haukihimili tena. Ukimkuta mtu haamki, anapumua kwa shida na midomo imebadilika rangi, mlaze kwa ubavu, usimwache peke yake, mkimbize hospitali.

Nne, tuzungumze na watoto mapema. Tusiwatishe tu, bali tuwaeleze historia hii, ili siku wakiletewa kitu kipya chenye jina tamu, wajue kuuliza: hiki ni mtoto wa nani?

Maswali ya kujadili katika familia

1. Ni vilevi gani vinavyosifiwa leo kuwa "havina madhara" mtaani kwetu?
2. Je, vijana wetu wanawaiga wanamuziki kwa mazoezi yao au kwa mitindo yao?
3. Mtoto wa jirani akiitwa teja, sisi humcheka, humkimbia, au humsaidia mama yake kumfikisha hospitali?