Kabla ya bahasha, pita kwa mwenzio



Barua ya leo nimeisoma mara tatu. Aliyeandika ni mama wa watoto wawili, anaimba sauti ya pili kwaya. Mwezi wa kwanza alikopa kwa mwanakwaya mwenzake shilingi 180,000 za ada ya mtoto, akaahidi kurudisha baada ya mwezi. Sasa ni miezi saba. Mwanzoni alikuwa akipokea simu na kuomba avumiliwe, baadaye akawa anaiacha iite mpaka ikate. Siku hizi wanakaa benchi moja, katikati yao watu wawili. "Dada," anasema, "mimi moyoni sina kinyongo naye kabisa. Nimefunga siku tatu Mungu amlainishe moyo. Nifanye nini tena?"

Mdogo wangu, Januari naijua, ada naijua, na sikulaumu kwa kukopa. Lakini fungua Mathayo 5:23-24 uisome taratibu. Pale Yesu hasemi na mwenye kinyongo. Anasema na mtu ambaye mwenzake ndiye ana jambo naye. Aliyekosewa yuko zake nyumbani. Anayeambiwa ainuke ni huyu aliyesimama madhabahuni na sadaka mkononi, pengine moyo wake umetulia kama wako. Kwa hiyo kama una kinyongo au huna, hapo hujaulizwa.

Halafu angalia umbali. Mafundisho yale aliyatoa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, kama kilomita 120 kuelekea kusini. Ni mbali kuliko Dar es Salaam hadi Chalinze, na watu walikwenda kwa miguu, siku tatu hivi. Mtu ameshafika na mwanakondoo wake, ndipo anamkumbuka jirani aliyemwacha kijijini. Anaambiwa aiache sadaka pale pale, arudi akapatane, ndipo aje kuitoa. Waliokuwa wakimsikiliza waliijua njia ile kwa nyayo zao. Wewe wa kwako yuko hatua tatu kutoka ulipokaa.

Na kupatana kwa Biblia hakuishii kwenye "tusameheane." Walawi 6 inamtaka aliyemdhulumu mwenzake amrudishie mali yote na kuongeza sehemu ya tano, siku ile ile anayoleta sadaka yake ya hatia. Sikuambii uongeze 36,000. Sheria ile ilimlenga aliyekana amana, aliyenyang'anya au aliyedanganya, na wewe deni hujalikana. Ninachotaka ukione ni kwamba mali ya mtu ilirudi mkononi mwake, na madhabahu haikuchukua nafasi ya mkono huo. Zakayo naye, katika Luka 19, alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu.

Sasa fanya hivi. Nenda kwake kwa miguu yako, usitume ujumbe. Usimtangulize mchungaji wala mwenyekiti wa kwaya, atajiona amepelekwa barazani. Usiende mikono mitupu. Kama una 20,000 tu, ibebe. Ukifika, usianze na ada wala biashara iliyodorora. Anza hivi: "Dada, nina deni lako la laki moja na themanini. Nilikuahidi mwezi, sasa ni saba, na simu zako nikawa sipokei. Nimekosa." Kisha nyamaza. Akifoka, mwache afoke, kabeba maumivu peke yake muda mrefu. Ndipo umtajie kiasi utakachompa kila mwezi, kiasi unachokiweza hata mwezi mbaya, mkiandike kwenye karatasi.

Lile la "Mungu atakulipa" lisitoke kinywani mwako. Mwenye kulipa ni wewe.

Na ile ahadi ya ujenzi unayosema uliandikisha kanisani? Mwone mhazini, umwombe akusogezee mbele. Najua aibu yake, kwa kuwa mwaka mmoja niliwahi kutoa bahasha nono siku ya mavuno huku mwenzangu akinidai, na alikuwa nyuma yangu kwenye foleni ile ile ya sadaka. Uso wake ninao hadi leo.

Na wewe unayedai, uliyebaki na maumivu yako kimya: Mathayo 18:15 inakutuma kwake mkiwa wawili tu. Kundi la kwaya la WhatsApp halimo katika mstari huo.

Mama wa barua, umesema mazoezi ni Jumamosi saa kumi. Toka kwako saa nane, ili muongozane kwenda. Kisha niandikie alivyokupokea, hata kama hakufungua mlango.