Anza na Akaunti za Waliohama

Mei 2021, kampuni ya Colonial Pipeline, inayosafirisha karibu nusu ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki ya Marekani, ililazimika kufunga bomba lake kwa siku kadhaa. Wahalifu walipenya kupitia akaunti ya zamani ya kuingilia mtandao kutoka mbali. Hakuna aliyekuwa akiitumia tena, na kinga yake ilikuwa nywila peke yake. Kampuni ikalipa bitcoin 75, wakati ule kama dola milioni 4.4.

Kisa hiki kinamhusu kila afisa TEHAMA wa halmashauri au kaunti anayesubiri bajeti ya usalama ipitishwe ndipo aanze kazi. Kufunga akaunti isiyo na mwenyewe hakuhitaji zabuni. Kunahitaji orodha mbili na utulivu wa kuzisoma.

Orodha ya kwanza iombe idara ya utumishi: watumishi wote waliopo kazini leo. Ya pili itoe kwenye mfumo wenyewe: kila akaunti iliyo hai, na tarehe ilipotumika mara ya mwisho. Zipitie jina kwa jina. Utamkuta mhasibu aliyehamishiwa mkoa mwingine, mganga aliyestaafu, na fundi wa kampuni iliyosimika mfumo kisha ikaondoka na nywila ya msimamizi mkuu. Utakuta pia akaunti inayoitwa "ushuru1", inayotumiwa na makarani wote wa kaunta, nywila yake imebandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu stakabadhi ikifutwa usiku, kumbukumbu za mfumo zitaonyesha "ushuru1" na uchunguzi utaishia hapo. Kila mtu apewe akaunti yake, hata mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, na ya mwanafunzi iwekewe tarehe ya kujifunga.

Akaunti zisizo na mwenyewe usizifute siku hiyo hiyo. Zizime kwanza, usubiri mwisho wa mwezi upite. Mara nyingi kuna ripoti ya mishahara au ya mapato inayojiendesha kwa jina la mtu aliyeondoka zamani, na utaigundua tu itakapokwama. Kisha kubaliana na utumishi kwamba hakuna anayeruhusiwa kuondoka bila TEHAMA kusaini fomu yake ya makabidhiano. Bila makubaliano hayo, baada ya miezi michache orodha itakuwa imeharibika tena.

Akaunti zinazobaki, ziwekee uthibitisho wa hatua mbili, ukianza na za wasimamizi wa mfumo, wahasibu na barua pepe ya mkurugenzi. Mfumo ukikupa hiari, chagua programu ya simu inayotoa namba za siri badala ya ujumbe mfupi, kwa sababu laini ya simu huweza kusajiliwa upya na tapeli. Na masasisho yasiahirishwe: kirusi cha WannaCry kilichovuruga hospitali za Uingereza tarehe 12 Mei 2017 kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake tangu Machi mwaka huo.

Sasa nakala rudufu. Juni 2024 maabara za taifa za huduma za afya za Afrika Kusini zilivamiwa, na wavamizi wakafuta hata sehemu za seva ya nakala. Majibu ya dharura yakawa yanapigiwa madaktari simu. Ndiyo maana nakala iliyounganishwa na mtandao muda wote haitoshi. Weka nyingine kwenye diski inayochomolewa na kufungiwa kabatini, ikiwezekana katika jengo jingine.

Halafu ijaribu. Chukua kompyuta tupu, rudisha juu yake nakala ya wiki iliyopita, kisha mwite mhasibu afungue stakabadhi anayoikumbuka na kulinganisha kiasi na kitabu chake. Andika saa mlipoanza na saa mlipomaliza. Hapo ndipo hugundulika kwamba faili halifunguki, au kwamba nenosiri la kufungulia nakala lilikuwa kwenye seva ile ile inayodhaniwa imekufa. Heri mgundue hayo leo, wakati hakuna foleni dirishani. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa mimi siihesabu kuwa nakala.

Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya ulielemewa na maombi ya uongo yaliyomiminwa ili kuuzuia, na wananchi wakakwama kupata huduma. Wimbi la namna hiyo halizuiwi na afisa mmoja wa wilaya, lakini kaunta yake inaweza kuendelea kufanya kazi. Tengeni vitabu vya stakabadhi vyenye namba, amueni ni huduma zipi haziwezi kusubiri, na mteueni atakayeingiza rekodi hizo mfumo ukirudi.

Siku mnayovamiwa, chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi ya mashine iliyoathirika, ila usiizime mashine yenyewe, kwani ushahidi mwingine hupotea umeme ukikatika. Piga picha ya kioo, andika saa, kisha toa taarifa kwa kituo cha taifa cha matukio ya usalama wa mtandao: Tanzania ni TZ-CERT, Kenya ni KE-CIRT. Zikiwa zimevuja taarifa binafsi za watu kiasi cha kuwahatarisha, sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Ulinzi wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Namba za simu za wahusika wote ziandikwe kwenye karatasi, maana barua pepe ya ofisi huenda isifunguke siku hiyo.