Dondoo muhimu: Kompyuta ya chuo kwa fedha ya kahawa

Ukishauza kahawa hapa Mbinga, usikimbilie kumnunulia mwanao kompyuta mpya ya bei ya chini. Iliyotumika ya ofisini, kama ThinkPad au Latitude, itamfaa zaidi anayesomea kuandika programu.

Uliza kizazi cha prosesa. Core i5 ya kizazi cha 8 huwa na viini vinne au zaidi. Za kizazi cha 7 nyingi zina viwili tu, na Windows 11 haizikubali rasmi. RAM iwe GB 16. Ikiwa 8, hakikisha inaongezeka. Diski iwe SSD.

Kisha chomoa chaja palepale dukani, cheza video nusu saa. Betri iliyochoka itajulikana kabla hujapanda gari la kurudi nyumbani.