Elimu ya Mwanachama: Nani Anazisoma Hesabu za Chama?

Somo la toleo hili ni la vikundi ambavyo watu wao wako katika vyama vya ushirika, vya kahawa, maziwa au akiba na mikopo, na pia vile vikundi vinavyofikiria kujiandikisha viwe chama. Tafadhali lisomwe kwa sauti mkiwa pamoja, na mtu mmoja awe na kalamu na karatasi, kwa sababu mbele kuna hesabu ya kufanya.

Tunapotembelea vikundi huwa tunauliza swali moja rahisi: chama ni cha nani? Wote hujibu mara moja, "Ni chetu." Halafu tunauliza: mwaka uliopita chama chenu kilitumia pesa ngapi, na kwa kazi gani? Hapo kunakuwa kimya. Mtu mmoja anacheka, mwingine anasema hayo aulizwe mwenyekiti. Basi mali ni yetu, lakini anayejua habari zake ni mwingine. Ukiwa na ng'ombe na hujui anakamwa lita ngapi, huyo ng'ombe ni wa anayemkamua.

Waliotangulia katika ushirika waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1844 watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, wengi wao wafumaji wa nguo na mafundi maskini, walifungua duka lao dogo la kuuza unga, siagi, sukari na uji wa shayiri. Walikuwa wamechanga senti chache kila wiki mpaka kila mmoja akatimiza pauni moja. Duka lilipoanza kupata faida, walikubaliana kutenga shilingi mbili unusu katika kila mia ya faida kwa ajili ya elimu ya wanachama. Walikuwa na chumba cha kusomea magazeti na vitabu juu ya duka. Watu waliohesabu kila senti walitoa pesa za masomo kabla ya kugawana! Hawakufanya hivyo kwa kupenda vitabu tu. Walijua maduka mengine ya namna hiyo yalikufa kwa sababu wenyewe hawakuelewa yanavyoendeshwa.

Mfano mwingine unatoka Kanada, sehemu za Nova Scotia. Huko wavuvi walikuwa wakiuza kamba wao kwa bei aliyoitaka mfanyabiashara, na madeni ya dukani hayaishi. Padre Moses Coady na wenzake, waliofanya kazi kutoka chuo kikuu kilichoko Antigonish tangu 1928, hawakuanza kwa kuwaletea mashine wala mikopo. Walianza na vikundi vidogo vya majirani, wakikutana jikoni kwa mtu jioni, wakijiuliza: kwa nini bei yetu ni hii? Nani anachukua hiyo iliyobaki? Baada ya kusoma ndipo wakajenga viwanda vyao vya kutia kamba mikebeni na vyama vyao vya akiba. Masomo yalikuja kwanza, jengo likafuata. Sisi hapa mara nyingi tunageuza: tunajenga ofisi, tunapaka rangi, tunaandika jina la chama ukutani, halafu miaka kumi baadaye tunaanza kuulizana chama ni nini.

Kwetu Kenya mambo yalikuwa na sababu zake. Chama cha kwanza cha ushirika kilianzishwa Lumbwa mwaka 1908, nacho kilikuwa cha walowezi. Mwafrika alifunguliwa mlango na sheria ya 1945. Baada ya uhuru vyama vilienea kila mahali, lakini serikali iliviangalia kwa karibu sana, hata matumizi yakahitaji kibali cha ofisi ya ushirika. Mwanachama akazoea kufikiri kwamba chama ni kitu cha serikali, yeye kazi yake ni kupeleka kahawa na kungoja malipo. Halafu ikaja Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997. Serikali ikajitoa katika usimamizi huo wa kila siku, mamlaka yakarudi kwa wenyewe. Ni jambo jema. Lakini wanachama wengi hawakuelezwa kwamba sasa wao ndio walinzi. Miaka iliyofuata tuliona vyama vikubwa vya kahawa vikigawanyika vipande vipande, watu wakigombania viwanda, na pesa zikipotea. Mwaka 2004 sheria ilibidi irekebishwe na serikali ikarudishiwa sehemu ya uangalizi.

Hebu sasa tufanye ile hesabu. Tuseme chama chenu kilikusanya kilo 70,000 za kahawa mbivu. Kwa kawaida kilo sita au saba za kahawa mbivu hutoa kilo moja ya kahawa iliyokobolewa. Tuchukue saba. Mtapata kilo 10,000. Zikiuzwa mnadani kwa shilingi 600 kwa kilo, ni shilingi 6,000,000. Toa 600,000 za kinu, usafiri na dalali: zinabaki 5,400,000. Toa 1,200,000 za chama chenyewe, yaani mishahara, stima, dawa, matengenezo ya kiwanda na riba ya mkopo: zinabaki 4,200,000. Gawanya kwa zile kilo 70,000, kila mkulima analipwa shilingi 60 kwa kilo. Mama aliyeleta kilo 800 anapata 48,000.

Mkiielewa hiyo, angalieni hapa. Tuseme mwaka unaofuata mmeleta kilo zile zile 70,000 na bei ni ile ile, lakini karatasi ya kinu inaonyesha kwamba zilitumika kilo nane kupata moja. Kahawa iliyokobolewa inakuwa kilo 8,750, na mauzo yanashuka kwa shilingi 750,000. Gharama zikibaki vile vile, kila mkulima amepoteza karibu shilingi 11 kwa kilo, na yule mama anarudi nyumbani na pungufu ya zaidi ya shilingi 8,500. Hiyo ni karo. Na hakuna aliyetangaza kwamba kitu kimepotea! Inaweza kuwa wakulima walichuma kahawa mbichi, au ukame ulifanya punje ziwe nyepesi, au ugonjwa wa matunda uliingia shambani, au mizani ya kiwanda si sawa, au kuna magunia yaliteremshwa njiani. Kila sababu ina dawa yake. Lakini atakayeuliza ni yule anayejua kwamba kuna swali. Mwanachama ambaye hajafundishwa atasema tu, "Mwaka huu bei ilikuwa mbaya," na bei ilikuwa ile ile.

Watu hutuambia chama hakina pesa za masomo. Katika mfano wetu, chama kikitenga shilingi 50,000 kwa mwaka kwa elimu, ni kama senti sabini tu kwa kilo. Tatizo tunaloliona ni pesa hizo zinakwenda wapi. Mara nyingi zinakwisha kwa semina ya kamati katika hoteli ya mjini, siku tatu, na posho juu. Hatusemi kamati isifundishwe. Karani na mweka hazina wanahitaji mafunzo kweli. Lakini ukimfundisha dereva peke yake na abiria hawajui njia, atakwenda anakotaka.

Kuna pia jambo la akina mama. Katika nyumba nyingi anayepalilia, anayechuma na anayebeba kahawa kupeleka kiwandani ni mama, lakini nambari ya uanachama ni ya baba. Siku ya mkutano mkuu baba anakwenda, au hata haendi, na mama hana kura wala hapati taarifa. Tunashauri masomo yawe wazi kwa wote wanaofanya kazi shambani, na nyumba zinazoweza ziandikishe mama awe mwanachama kwa jina lake.

Sheria yenyewe ya 1997 ilimpa mwanachama vifaa, ila vingi vimelala. Ilitaka mkutano mkuu ufanyike ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa hesabu kumalizika, na wanachama wapewe notisi ya siku zisizopungua kumi na tano. Ilitaka ofisi ya chama iwe na nakala ya sheria, sheria ndogo za chama na orodha ya wanachama, na mtu aweze kuziangalia bila malipo. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa mia au hisa tano. Kumbe siku ya mkutano hesabu zinasomwa kwa Kiingereza, haraka haraka, saa nane mchana watu wakiwa na njaa, na mtu anasema "napendekeza tupitishe" kwa sababu ya soda na mkate. Ombeni hesabu zibandikwe kiwandani wiki mbili mapema, kwa Kiswahili au lugha ya mama. Kamati nzuri haitakataa.

Kwa walio katika vyama vya akiba na mikopo tuguse neno moja tu. Hisa na akiba si kitu kimoja. Ukitoka chamani unaweza kudai akiba yako, lakini hisa za mtaji hazirudishwi hivyo. Kwa kawaida unamhamishia mwanachama mwingine. Na ukimwekea mwenzako sahihi ya udhamini, umetoa akiba yako iwe rehani. Wengi hulijua hilo siku barua inapofika.

Kazi ya kikundi: Kila mtu alete risiti zake za msimu uliopita na, ikiwezekana, karatasi ya malipo ya chama. Fanyeni ile hesabu yetu mkitumia namba zenu wenyewe. Kilo ngapi mbivu zilitoa kilo moja? Katika kila shilingi mia ya mauzo, mkulima alipata ngapi? Ni namba gani hamkuipata, na ni nani anayo? Chagueni watu wawili, mmoja wao awe mama, waende ofisini kusoma sheria ndogo na kurudi kuwaeleza wenzao katika mkutano ujao wa kikundi.